Hapa Sauti ya Pili Hawakuonewa

Mama yangu ameimba sauti ya pili kwa miaka 32 katika kwaya ya parokia yetu, Songea. Ukimwuliza anapenda wimbo gani hakutajii jina, anakuimbia kipande cha alto. Mara nyingi hutautambua, kwa sababu kipande chenyewe ni nota mbili tatu zinazorudiwarudiwa huku soprano wakiondoka na wimbo wote. Basi Julai 2023 nilimtumia kwa WhatsApp dakika tatu na kitu za Agnus Dei, yaani Mwanakondoo wa Mungu, tuliyoirekodi kwa simu mazoezini. Alikaa kimya siku mbili. Kisha ukaja ujumbe wa sauti: "Mwanangu, nimeisikiliza sana hii. Hapa sauti ya pili hawakuonewa."

Nimesoma maelezo mengi ya wataalamu kuhusu muziki huu na sijakutana na sentensi iliyoufikia kama hiyo.

Kipande hicho kinatoka katika Misa ya Sauti Nne, yaani maneno ya Misa yaliyotungiwa muziki, ya William Byrd, mtunzi Mwingereza aliyefariki tarehe 4 Julai 1623. Tulikuwa tunaadhimisha miaka 400 ya kifo chake kwa namna yetu: watu tisa tunaokutana kila Alhamisi jioni katika ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, kusini mwa London. Hakuna anayelipwa. Mimi naimba tena (tenor), sauti ya tatu kama tunavyosema nyumbani, na kwa miaka yangu yote ya kwaya Tanzania nilijua kazi ya tena ni nini: kujaza. Soprano anaimba wimbo, besi anashika chini, sisi wa katikati tunaziba nafasi. Wimbo ukipendeza, sifa zinakwenda kwa soprano na mpiga kinanda.

Mara ya kwanza kuusikia muziki wa namna hii ukiimbwa mbele yangu nilikuwa Westminster Cathedral, lile kanisa kuu la Wakatoliki lililo karibu na stesheni ya Victoria. Sikwenda kusikiliza muziki, nilikwenda kusali, nimetoka kazini na nimechoka. Kwaya ikaanza Kyrie, yaani Bwana utuhurumie. Nikafanya kile ambacho masikio yangu yalifundishwa kufanya, nikatafuta wimbo. Nikamshika soprano, lakini mara akanyamaza. Nikahamia kwa alto, naye akawa ameshakwenda kwingine. Kila nilipodhani nimeushika wimbo, ulikuwa umehamia kwa mtu mwingine. Nilitoka pale nimetulia moyoni na nimechanganyikiwa kichwani, na wiki iliyofuata nikarudi.

Safari ya tatu au ya nne ndipo niliacha kutafuta. Nikachagua sauti moja, ile ya tena, nikaifuata kama unavyomfuata mtu mmoja sokoni bila kumpoteza machoni. Ghafla kila kitu kikakaa mahali pake. Mwimbaji wa tena alikuwa na wimbo kamili, wenye mwanzo wake na kilele chake na mahali pa kupumua. Besi naye alikuwa nao. Alto vilevile. Wote wana maneno yaleyale na karibu wimbo uleule, ila kila mmoja anaingia kwa saa yake, kama wasafiri wa njia moja walioondoka nyumbani nyakati tofauti. Kitaalamu huitwa polifonia. Hayo ndiyo mama aliyoyasikia kwenye spika ndogo ya simu, jikoni kwake, bila kuelezwa na mtu: hakuna aliyewekwa pale kumsindikiza mwenzake.

Nadhani huwezi kuuelewa muziki huu vizuri bila kujua uliimbwa wapi. Byrd alikuwa Mkatoliki katika Uingereza ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, na papo hapo alikuwa mwajiriwa wa malkia. Tangu 1572 aliimba na kupiga kinanda katika kanisa la jumba la kifalme, na mwaka 1575 yeye na mwalimu wake wa zamani, Thomas Tallis, walipewa haki ya pekee ya kuchapisha muziki nchini kwa miaka 21. Aliwatungia Waanglikana nyimbo nzuri sana kwa Kiingereza. Lakini nyumbani alishika imani yake. Sheria ya 1581 iliweka faini ya pauni 20 kwa mwezi kwa asiyehudhuria ibada ya kanisa la serikali, fedha za kumfilisi mtu. Sheria ya 1585 ikamfanya padri aliyepata daraja ng'ambo na kurudi Uingereza kuwa mhaini, na adhabu ya uhaini ilikuwa kifo. Mwaka 1586 Byrd alikuwepo katika mkutano wa siri wa siku kadhaa pamoja na mapadri wawili Wajesuiti waliokuwa wamewasili punde, Henry Garnet na Robert Southwell. Wakasali, wakaimba. Southwell alinyongwa mwaka 1595, Garnet mwaka 1606.

Katikati ya hofu hiyo Byrd aliandika Misa tatu: ya sauti nne, ya sauti tatu, ya sauti tano, kwa mpangilio huo, kati ya 1592 na 1595 hivi. Vitabu vilichapwa bila ukurasa wa jina, bila mwaka, bila jina la mchapaji. Tunaijua miaka kwa sababu watafiti walichunguza zile herufi kubwa za urembo zilizochongwa kwenye mbao, wakalinganisha nyufa na uchakavu wake na vitabu vingine vya mchapaji Thomas East vyenye tarehe. Ubao ukizidi kupasuka, kitabu ni cha baadaye. Ila jina moja halikufichwa. Juu ya kurasa za muziki kumechapwa W. Byrd. Mchapaji alijificha, mtunzi hakujificha. Nimeziona picha za kurasa hizo mtandaoni, na kila nikiliona jina lile dogo pale juu, namwaza mtu aliyekubali liwekwe.

Hatari ilikuwa ya kweli. Mwaka 1605 alipotoa kitabu kingine cha nyimbo za Misa, kinachoitwa Gradualia, Mfaransa mmoja, Charles de Ligny, alikutwa nacho London akatupwa gereza la Newgate. Kosa lake lilikuwa kubeba nota.

Turudi ukumbini kwetu. Mwalimu wetu, mama wa makamo mwenye subira kubwa, alitupa nota za kisasa, sauti zote nne zimepangwa kwa pamoja na mistari ya wima ya kugawa mapigo. Nikaimba kama nilivyozoea, kila pigo la kwanza nikalikanyaga. Kwaya zetu zinacheza, miguu inakwenda, pigo la kwanza ndilo linalotuweka pamoja. Hapa lilinipoteza. Byrd hakuandika mistari ile, imeongezwa na wahariri wa siku zetu ili macho yasichoke. Uzito wa wimbo unafuata silabi za maneno, na kwa kuwa kila sauti ina maneno yake kwa wakati wake, uzito wa tena unaangukia mahali pamoja na wa alto mahali pengine. Wakati mimi nakanyaga, mwenzangu anaelea.

Kisha Kilatini chenyewe. Irabu zetu tano ni zawadi kubwa katika kuimba, sikuwahi kujua. A ni a, e ni e, haiyumbi hata ukiishika kwa sekunde nane. Wenzangu Waingereza huanza na "e" wakamalizia na "i" bila kukusudia, na sauti zikiwa tisa hiyo inatosha kuharibu mlio wote. Mwalimu akaniomba niwe nasoma maneno kwa sauti kabla ya kuimba, wenzangu warudie baada yangu. Agnus, kwa matamshi ya Kiroma tunayotumia, ni "anyus", na hiyo ny tunaitoa kama tunavyotoa nyumba na nyota. (Byrd na watu wake walitamka Kilatini kwa namna ya Kiingereza ya siku zao, na siku hizi zipo kwaya zinazojaribu kuimba hivyo. Sisi hatujafika huko.) Lakini lugha yetu ilinitega pia. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, karibu kila neno, bila kufikiri. Kilatini mara nyingine hurudi nyuma zaidi. Mimi nilikuwa nasema doMIne, naye mwalimu ananiomba DOmine. Ilinichukua miezi, kwa sababu mkazo ukikosea, wimbo wa Byrd nao unavunjika kiuno. Mwenyewe aliandika katika dibaji ya Gradualia kwamba maneno matakatifu yana nguvu iliyofichika ndani yake, na kwamba mtu akiyatafakari kwa dhati, nota zinazofaa humjia zenyewe. Nikiimba neno kwa mkazo wake wa kweli namwamini. Nota zinatoka kwenye neno kama jani linavyotoka kwenye tawi.

Alhamisi moja mwalimu alikusanya nota zote akatupa karatasi nyingine. Kila mtu alipewa mstari wake tu. Tena wana tena, alto wana alto, mistari ya wima hakuna, na sauti nyingine huzioni. Hivi ndivyo vitabu vya Byrd vilivyokuwa: kila sauti na kitabu chake kidogo. Wenzangu walishtuka. Wamesoma muziki shuleni, wamezoea kutazama kwa jicho wenzao wako wapi. Mimi nilijisikia nimerudi nyumbani. Parokiani kwetu nani alikuwa na nota za sauti zote? Mwalimu wa kwaya aliimba kipande chako, ukakishika kwa sikio, ukakaa nacho, na siku ya kuunganisha ulijua uingie wapi kwa kumsikia jirani. Kipande cha soprano sikuwahi kukiona kimeandikwa, nilikijua kwa kuwa kilikuwa kinanigonga sikio la kushoto kila Jumamosi.

Tukaimba Kyrie kwa karatasi hizo. Tulianguka mara tatu. Mara ya nne tukafika mwisho, na kitu kilikuwa kimebadilika ambacho wote tulikisikia. Kila mtu alikuwa ameacha kuhesabu. Tulikuwa tunasikilizana. Nilimsubiri alto amalize neno lake ili niingie kwa lile lile, na alipoliimba kwa upole nikaingia kwa upole, hakuna aliyetuambia.

Sasa niseme kuhusu mwisho wa Agnus Dei, maana ndio mahali ninapopapenda kuliko pote. Ombi linakuja mara tatu, kama tunavyolijua kwa Kiswahili: Mwanakondoo wa Mungu, uondoaye dhambi za dunia. Mara ya kwanza Byrd anawapa watu wawili tu, soprano na alto. Mara ya pili watatu. Mara ya tatu ndipo wote wanne wanakutana, na wanafika kwenye maneno dona nobis pacem, utujalie amani. Hapo sauti zinaanza kuingia moja juu ya nyingine, na kila inayoingia inaikuta nyingine bado imeshikilia.

Jinsi inavyokuwa ukiwa ndani: nimeshika nota yangu, na mwanzoni imetulia, inapatana na kila iliyo karibu nayo. Sijasogea. Lakini mwenzangu anasogea, na nota ileile ambayo ilikuwa makao inageuka kuwa mwiba. Zinakwaruzana. Ukiwa umesimama bega kwa bega na alto unaisikia mikwaruzo hiyo ndani ya sikio kama mtetemo, karibu kama kuwasha. Mwili unataka kukimbia, kulegeza, kushuka mapema. Mwalimu anasema hapana, kaa, na si kukaa tu, ongeza kidogo. Kisha nota inashuka hatua moja na jeraha linafunga. Ila ukishuka tu, sauti nyingine imeshaanza kuumia mahali pengine. Inakwenda hivyo, mmoja akitulia mwingine anachomwa, hadi mwisho. Watu wale walikuwa wanaomba amani ambayo hawakuwa nayo, na Byrd hakuwatungia wimbo wa amani iliyokwisha kupatikana. Alitunga ombi lenyewe. Mlio wa mwisho kabisa ndio unaofunguka na kung'aa, baada ya Misa nzima kuwa na huzuni, na sisi huuimba kwa sauti ndogo kuliko yote.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaouita huu muziki wa malaika. Naelewa wanachosema: umesimama chini ya paa refu, mwangwi wa sekunde nyingi, sauti za watoto juu. Unapendeza. Lakini kwaya ya watu 60 katika kanisa la mawe inaigeuza Misa hii kuwa wingu, na katika wingu hutamjua nani anaumia na nani ametulia. Mimi naupenda kwa sauti chache, mmoja mmoja au wawili wawili, katika chumba chenye mbao na mazulia, ambapo pumzi zinasikika. Malaika hawapumui. Byrd alihamia Stondon Massey, kijijini Essex, miaka hiyohiyo ya 1590, karibu na Ingatestone Hall, nyumba ya ukoo wa Petre, Wakatoliki wenye mali waliomlinda. Kitabu cha pili cha Gradualia cha 1607 alikitabaruku kwa Lord Petre, akasema nyimbo zile ni kama maua aliyoyachuma katika bustani zake. Nyumba ipo, ni ya matofali, na ukoo ungali unaishi humo. Kiangazi hufunguliwa kwa wageni siku kadhaa, nami nikaenda Agosti 2023. Kuna maficho mawili ya mapadri ndani. Nilisimama karibu na mojawapo, nikakohoa kidogo, nikasikia jinsi sakafu ya mbao ilivyoipokea sauti ile na kuipeleka. Misa nzima ya sauti nne haifiki hata nusu saa. Sanctus, yaani Mtakatifu, inakuja, inapita. Nilipokuwa pale juu ya mbao zile sikuhitaji kuelezwa kwa nini.

Na Nasadiki ya Misa hiyo ina maneno yote, pamoja na yale yaliyokuwa na uzito wake kwa watu wale: Kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume. Sisi tunayasema kila Jumapili tukiwa tunatafuta sadaka mfukoni.

Baada ya Byrd kufa Misa hizi hazikuimbwa sana. Ilipofika mwishoni mwa karne ya 19 Richard Terry, aliyekuwa mwalimu wa muziki katika monasteri ya Wabenediktini ya Downside, akazirudisha katika ibada, na mwaka 1901 akaja kuwa kiongozi wa kwanza wa muziki wa Westminster Cathedral, palepale nilipokaa nimechoka. Wabenediktini tena. Babu yangu alisoma kwao Peramiho, akaimba Misa ya Malaika kwa Kilatini utotoni, na hadi uzeeni alikuwa akiiimba akipalilia mahindi. Hiyo ni sauti moja, wote pamoja, wimbo wa kale kuliko Byrd kwa mbali sana ukizungumzia namna yake. Lakini alipofika kwenye Kyrie alikuwa anafunga macho, jembe limesimama, na mimi mtoto nikijua kwamba hapo hasemeshwi.

Mwenye kwaya nyumbani akitaka kujaribu, nota za Byrd ziko bure katika maktaba ya mtandaoni ya CPDL, na zipo za Palestrina na Victoria pia, watunzi wa karne ileile. Msianze na Misa nzima. Anzeni na Ave verum corpus, sauti nne, dakika nne hivi, na kinanda kifungeni. Hilo la kinanda ndilo gumu. Kilitubeba miaka mingi, na siku ya kwanza bila kinanda mtashuka. Sisi tulianza mahali pake tukamaliza karibu nusu toni chini, na tiba haikuwa kuimba kwa nguvu. Tulipopunguza sauti hadi kila mtu amsikie besi vizuri, tukaacha kushuka.

Na kama ni kusikiliza tu, chagua sauti moja, ya kwako ile unayoiimba kanisani, usiiachie hadi mwisho. Kesho chagua nyingine.

Mama hakuhitaji ushauri huo. Baada ya ujumbe wake wa kwanza ulikuja wa pili: je, naweza kumpatia sauti ya pili peke yake? Nikamwomba alto wetu mmoja, akaimba ile sehemu ya watu wawili tu mwanzoni mwa Agnus, pole pole, simu ikiwa juu ya kiti. Nikaituma. Wiki tatu kimya. Nilipopiga simu nikamwamkia, akaitikia marahaba kisha akasema bado anafanya mazoezi, nisimharakishe.

Jumapili moja asubuhi, kabla sijaenda kanisani, ikaingia. Ameikariri yote kwa sikio, maneno ya Kilatini safi, irabu zimesimama wima. Jogoo anawika nyuma yake mara mbili, na mahali fulani mtu anamimina maji kwenye ndoo. Sauti yake imechoka kidogo juu, lakini hapotei hata mara moja. Palipo na kipande cha soprano kinachomjibu ameacha nafasi, kimya cha urefu sahihi, anasubiri, kisha anaingia. Nimeweka simu mezani, nikaanza kuimba soprano yake kwa sauti ya chini ya kiume, nikiingia kwenye zile nafasi alizoniachia.